Mbegu kwenye thamosi: mwongozo kamili wa kuonyesha jinsi seli zinavyotoa nishati kwenye chakula

“Mwalimu, zimepanda joto zote mbili.” Ujumbe huo naupata kila likizo kutoka kwa watu waliojaribu kuonyesha upumuaji wa seli nyumbani kwa mbegu na thamosi. Wengine huandika kinyume chake: wamekikodolea macho kipimajoto siku tatu na hakijasonga. Wachache wamefungua kifuniko wakakutana na harufu ya kufukuza wapangaji ploti nzima.

Jaribio lenyewe ni jepesi. Linakataa kwa sababu ya mambo madogo ambayo michoro ya vitabuni huyaruka. Michoro hiyo huonyesha thamosi mbili, moja imeandikwa “mbegu hai”, nyingine “mbegu zilizochemshwa”, basi. Hapa nimeyaandika hayo yaliyorukwa. Tenga siku tano, mbili za kuchipusha na tatu za kupima.

## Kwanza, neno linalopotosha

Kiswahili kimetutegea mtego mdogo. Tukisema kupumua, kila mtu anafikiria kifua kikipanda na kushuka. Mbegu haina pua wala mapafu. Upumuaji wa seli ni kazi nyingine: kila seli hai, iwe ya ndengu, ya hamira au ya kidole chako, huvunja chakula kidogokidogo na kutoa nishati iliyofungwa humo. Kuvuta hewa ni njia tu ya kuipelekea seli oksijeni na kuiondolea kabonidayoksaidi. Ukiandika kwenye ripoti kwamba “mbegu zilivuta pumzi”, utanyimwa alama na hutakuwa na wa kumlaumu.

## Vifaa

- Ndengu kavu, kilo 1. Nunua za kula kwa wauza nafaka, Nyamakima jijini Nairobi au sokoni karibu nawe. Usichukue mbegu za kupanda za duka la pembejeo: nyingi zimepakwa dawa yenye rangi, na dawa hiyo ni sumu. Maharagwe hufaa, ila huchelewa kuchipua na huoza upesi.
- Thamosi mbili za lita 1, za aina moja na umri mmoja.
- Vipimajoto viwili vya maabara, vile vyenye pombe nyekundu, au vya jikoni vyenye sindano ndefu. Kipimajoto cha kumpima mgonjwa hakifai, maana kile cha kioo huanzia nyuzi 35, na mbegu zako huenda zisifike hapo.
- Pamba ya duka la dawa, vipande viwili vya chandarua kikuukuu, na rababendi.
- Jik ya kawaida isiyo na manukato.
- Chokaa ya hardware, ile ya kupaka ukuta. Chokaa ya kilimo haifai. Hiyo kwa kawaida ni mawe ya chokaa yaliyosagwa, na haiwezi kukupa maji ya chokaa hata ukiikoroga mpaka kesho.
- Mitungi miwili ya kioo yenye vifuniko vinavyobana, vikombe viwili vidogo vinavyoingia ndani yake, na mirija ya kunywea soda.
- Hamira, sukari, mafuta ya kupikia, chupa mbili za nusu lita na baluni mbili, kwa sehemu ya mwisho.

## Hatua ya 1: Pima thamosi kabla ya kupima mbegu

Hatua hii hurukwa na karibu kila mtu. Jaza thamosi zote mbili maji ya vuguvugu ya joto moja, tuseme nyuzi 40, zifunge, ziache usiku kucha. Asubuhi pima. Zikitofautiana kwa zaidi ya uzi mmoja, moja inavuja joto, na majibu yako yatakuwa ya thamosi, si ya mbegu. Badilisha.

Fanya vivyo hivyo na vipimajoto: vitie kwenye kikombe kimoja cha maji. Kimoja kikisoma nyuzi 22 na kingine 23, andika tofauti hiyo mahali usipoisahau.

## Hatua ya 2: Safisha na uloweke

Osha ndengu mara tatu, kwa sababu nyingine huhifadhiwa kwa majivu au dawa ya fukusi. Changanya sehemu 1 ya Jik na sehemu 9 za maji, loweka humo dakika 10, halafu suuza mpaka harufu iishe. Fungua dirisha, na usiichanganye Jik na dawa ya choo au siki hata tone: hutoka gesi ya klorini, nayo huchoma mapafu.

Unaua vijidudu vilivyoganda kwenye maganda. Vijidudu hivyo pia vina seli, na seli hizo pia hutoa joto. Tutakutana navyo tena.

Sasa loweka kwenye maji safi saa 8 hadi 12, si zaidi. Mbegu ikikaa chini ya maji siku nzima hukosa oksijeni na huweza kufa kabla hujaanza.

## Hatua ya 3: Chipusha

Mwaga maji yote. Tandaza ndengu kwenye kitambaa chenye unyevu, zifunike, zisuuze asubuhi na jioni. Kwa joto la kawaida la nyumba, kijimzizi huonekana ndani ya siku moja au moja na nusu. Mwezi wa Julai, baridi ya Nairobi ikikaza, ongeza siku nzima na uweke bakuli chumba chenye joto.

Ziko tayari mizizi ikiwa na urefu wa nusu sentimita hadi moja. Ukitumia mbegu zilizovimba tu bila kuchipua, joto litapanda kwa kusitasita. Mbegu inayochipua ndiyo yenye kazi kubwa: inajenga mzizi, inagawanya seli, inavunja wanga wake kuwa sukari. Kazi hiyo yote inahitaji nishati.

## Hatua ya 4: Ua nusu

Gawa mbegu zilizochipua mafungu mawili sawa kwa mizani. Fungu moja lichemshe. Mtindo wa kuchemsha mbegu kavu kisha kuzilinganisha na zilizochipua haufai, maana unalinganisha vitu viwili tofauti. Zote zichipue pamoja, halafu nusu ziuawe. Hapo tofauti inayobaki ni uhai peke yake.

Chemsha dakika 15 kamili tangu maji yaanze kutokota. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na maji yetu hutokota kwenye nyuzi 94 au 95 badala ya 100, kwa hiyo usifupishe muda. Joto hilo huharibu vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kazi za kemikali ndani ya seli, na bila vimeng'enya seli haivunji kitu.

Kisha tandaza mbegu hizo kwenye sinia safi zipoe kabisa. Nusu ya malalamiko ninayopata yanatoka hapa: mtu amezitia kwenye thamosi zikiwa na joto la sufuria, na thamosi imefanya kazi yake ya kulitunza. Zikipoa, mafungu yote mawili yapitishe kwenye maji ya Jik ya kipimo kilekile kwa dakika 5, suuza kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, chuja. Yote mawili, nasisitiza. Ukilitia Jik fungu moja tu, mtu atakuuliza kama tofauti imeletwa na Jik, na hutakuwa na jibu.

## Hatua ya 5: Jaza na upindue

Jaza kila thamosi robo tatu, bila kushindilia. Nafasi kati ya mbegu na mbegu ndiyo njia ya oksijeni. Usiongeze maji, unyevu zilio nao unazitosha.

Funga mdomo kwa chandarua na rababendi, halafu ziba kwa pamba huku kipimajoto kimepenya katikati hadi ndani kabisa ya mbegu. Kifuniko cha thamosi kiweke kando. Ukikifunga, mbegu zitamaliza oksijeni iliyomo na kusinyaa. Pamba inazuia joto kutoroka lakini inaruhusu hewa kupita.

Sasa pindua thamosi, mdomo chini. Kabonidayoksaidi ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hushuka na kutoka kupitia pamba, na hewa mpya huingia. Hewa yenye joto nayo hupanda, ikabaki juu pamoja na mbegu. Thamosi ikisimama wima kama ya chai, gesi hiyo hujikusanya ndani. Kama huna cha kuishikilia, toboa katoni; ikishindikana kabisa, ilaze ubavu huku mdomo umeinama kidogo.

Weka zote mbili mahali pamoja, mbali na jiko, jua la dirishani na mgongo wa friji.

## Hatua ya 6: Soma

Soma saa moja asubuhi na saa moja jioni kwa siku tatu. Kila mara andika namba tatu: mbegu hai, mbegu zilizokufa, na joto la chumba. Ile ya chumba ni muhimu, kwa sababu nyumba zetu hupoa sana usiku, na ukiona zilizokufa zimeshuka asubuhi utajua ni usiku wa Nairobi, si miujiza.

Jaribio limefaulu kama mbegu hai ziko juu ya zile zilizokufa kwa nyuzi 3 au zaidi kufikia siku ya pili, na zilizokufa ziko karibu na joto la chumba. Zikizidi nyuzi 3, vizuri zaidi, lakini usitamani kipimajoto kichemke.

Zilizokufa zikianza kupanda siku ya tatu au ya nne, acha kupima. Jaribio halijaharibika. Limekuonyesha wageni ambao hukuwaalika: bakteria na kuvu wameanza kuzila mbegu hizo, na seli zao zinapumua kama kawaida. Hiyo ndiyo siri ya “zimepanda zote mbili”. Hakuna mbegu iliyofufuka. Chora grafu mpaka siku ya pili, kisha eleza kilichotokea baadaye kwa maneno. Binafsi ningempa alama zaidi aliyeeleza hilo kuliko aliyeleta mstari ulionyooka kama rula.

## Unaposubiri: kinachoendelea ndani ya mbegu

Ndengu huhifadhi chakula kama wanga. Maji yakiingia, vimeng'enya hukata wanga kuwa sukari, na mwishowe kuwa glukosi. Ukiichoma glukosi kwenye moto, nishati yote hutoka mara moja. Gramu 180 hutoa takriban kilojuli 2,800. Seli haiwezi kuhimili mlipuko wa namna hiyo. Inaishusha nishati ngazi kwa ngazi.

Umewahi kumpa makanga wa matatu noti ya elfu saa kumi na mbili asubuhi? Atakutazama kama umemtukana. Glukosi ni noti ya elfu. Hakuna kazi ndani ya seli inayopokea noti hiyo; zote zinataka sarafu, na sarafu hiyo inaitwa ATP. Upumuaji wa seli ni kuvunja noti.

Noti huvunjwa mahali patatu. Kwanza kwenye sitoplazimu, majimaji ya seli, ambapo glukosi moja yenye kaboni 6 hukatwa vipande viwili vya kaboni 3, yaani piruveti. Hapa hakuna oksijeni inayotumika, na faida ni ATP 2 tu. Hatua hii huitwa glaikolisisi.

Kisha piruveti huingia kwenye mitokondria, vijichumba vidogo ndani ya seli. Huko humeng'enywa zaidi na kupita kwenye mlolongo wa hatua uitwao mzunguko wa Krebs, kaboni zote zikitoka kama kabonidayoksaidi. Gesi utakayoiona kwenye maji ya chokaa inatoka hapa, kwenye mwili wa sukari yenyewe. Wengi hudhani kwamba oksijeni iliyoingia ndiyo inayogeuka kuwa kabonidayoksaidi. Sivyo. Mzunguko wenyewe hutoa ATP 2 tu, lakini hupakia elektroni na haidrojeni kwenye vibebaji.

Mwisho kuna utando wa ndani wa mitokondria, wenye mikunjo mingi. Vibebaji hushusha elektroni pale, nazo hupokezanwa kutoka molekuli moja hadi nyingine, kila mara zikipoteza nishati kidogo. Nishati hiyo husukuma ioni za haidrojeni upande mmoja wa utando. Zikirudi, hupitia kimeng'enya kinachozunguka kama gurudumu, na kila mzunguko hutengeneza ATP. Oksijeni husubiri mwisho wa mstari: hupokea elektroni zilizochoka, huungana na haidrojeni, yanakuwa maji. Isipokuwepo, mstari wote husimama. Ndiyo maana nilikataza kifuniko.

Hesabu nzima ni hii:

C₆H₁₂O₆ + 6O₂ → 6CO₂ + 6H₂O + nishati

Vitabu vingi vya sekondari huandika ATP 38 kwa glukosi moja. Vipimo vya sasa vinaonyesha 30 hadi 32, kwa sababu utando huvuja kidogo na kusafirisha vitu ndani ya mitokondria pia hugharimu. Ukiwa kwenye mtihani, fuata kitabu cha darasa lako, ila usishangae chuoni wakikusahihisha.

Sasa piga hesabu kwa moli, yaani fungu lenye idadi maalumu ya molekuli; zile gramu 180 za glukosi ni moli moja. Moli 32 za ATP, kila moja kilojuli 30.5, ni kama 976. Hiyo ni karibu theluthi moja ya 2,800. Theluthi mbili zilizobaki hutoka kama joto papo hapo wakati wa kuvunja noti. Joto hilo ndilo kipimajoto chako kinasoma. Nishati iliyojenga mzizi huioni kwenye kipimajoto. Unaiona kwa rula, mzizi ukirefuka.

## Hatua ya 7: Ikamate gesi

Joto peke yake halimshawishi mwalimu mkali. Andaa maji ya chokaa siku moja kabla. Tia kijiko kidogo cha chokaa kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, tikisa, acha usiku kucha. Huyeyuka chini ya gramu 2 tu kwa lita, kwa hiyo unga mweupe utakaobaki chini usikutie wasiwasi. Asubuhi mimina maji maangavu ya juu polepole, yachuje kwa pamba.

Maji haya huchoma macho na ngozi, na kwa sura hayatofautiani na ya kunywa. Andika jina kwenye chupa, weka mbali na watoto, na usitumie chupa ya soda kuyahifadhi.

Yajaribu kwanza: tia kidogo kwenye glasi, pulizia kwa mrija. Puliza tu, usinyonye. Yakigeuka meupe kama maziwa yaliyotiwa maji, chokaa ni nzuri. Yasipogeuka, chokaa yako ilikaa wazi dukani ikanywa kabonidayoksaidi ya hewani mpaka ikashiba. Nunua nyingine kwenye mfuko uliofungwa. Na ukipuliza muda mrefu mno, weupe hupotea tena, kwa hiyo simama ukishauona.

Chukua mbegu hai viganja viwili, weka kwenye mtungi wa kioo, simamisha kikombe kidogo chenye maji ya chokaa katikati yake, funga. Mtungi wa pili fanya vivyo hivyo kwa mbegu zilizokufa. Hapa kufunga kunahitajika, maana tunataka gesi ibaki ndani. Saa chache baadaye, au asubuhi yake, kikombe cha mbegu hai kitakuwa na utando mweupe juu na ukungu chini. Kile kingine kinaweza kuwa na utando mwembamba sana wa hewa ya mtungi. Linganisha, usitarajie maji yake yawe maangavu kama kioo.

## Hatua ya 8: Pasipo oksijeni

Hii ni ya haraka. Chemsha maji ili kufukuza oksijeni, yaache yapoe hadi nyuzi 35 au 40, vuguvugu la kuogeshea mtoto. Tia vijiko viwili vya sukari kwenye chupa moja, ya pili iache bila. Ongeza kijiko kidogo cha hamira kila chupa, koroga taratibu, mwagia mafuta juu yafunike, vika baluni mdomoni.

Yenye sukari itasimamisha baluni ndani ya saa moja hivi. Wanaokosa matokeo huwa wametia maji ya moto wakaua hamira, au wamefanya usiku wa Julai bila kuiweka chupa kwenye beseni la maji ya vuguvugu. Kamwe usifunge chupa hiyo kwa kifuniko chake, itapasuka.

Hamira imeishia kwenye ile ngazi ya kwanza: ATP 2 kwa glukosi, na mabaki yake ni kabonidayoksaidi na pombe. Nishati nyingi imebaki ndani ya pombe hiyo bila kuguswa. Misuli yako ukifukuzia matatu hufanya jambo linalokaribiana na hilo, ila mabaki ni asidi ya laktiki na hakuna gesi. Usiandike kwamba misuli hutoa pombe. Nimelisoma hilo mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri.

## Baada ya kumaliza

Mbegu zote, hai na zilizokufa, zipeleke kwenye mbolea au takataka. Zimepita kwenye Jik na nyingine zimeota kuvu, kwa hiyo usipike wala usiwape kuku. Maji ya chokaa mwaga polepole kwenye sinki huku bomba likiwa wazi. Thamosi zioshe kwa maji ya moto na sabuni, ziache wazi siku mbili, kisha unuse. Ikiwa bado zina harufu ya ndengu, chai ya nyumbani isubiri.